Nani aliiwekea kompyuta feni? Historia ya mvumo wa chumbani

Haya ndugu zangu, leo tuwape wanasiasa likizo. Wiki ijayo watakuwepo tu, hawaendi popote. Leo nataka tuongelee ule mvumo.

Kila aliyewahi kukaa na kompyuta ya mezani anaujua. Unabonyeza kitufe, kasha linakohoa, feni inashika kasi, halafu ni vuuuuu mpaka usiku wa manane utakapoizima. Tumeuzoea kiasi kwamba tunaukumbuka siku umeme ukikatika tu, pale chumba kinaponyamaza ghafla na ukaanza kusikia hadi saa ya ukutani.

Kwa sisi watu wa habari jambo hili si la utani. Ukirekodi sauti nyumbani kwa ajili ya kipindi cha redio, mvumo ule unaingia kwenye maikrofoni na hautoki tena, hata uuombe. Ukikaa kusikiliza mahojiano ya saa mbili ili uyaandike neno kwa neno, masikio yanachoka kabla ya vidole. Na mjini kwetu chumba kimoja ndicho sebule, ndicho ofisi, ndicho analala mtoto. Sasa wengi hudhani kompyuta kuvuma ni kama jogoo kuwika, kwamba ndivyo ilivyoumbwa. Sivyo kabisa. Kompyuta za kwanza kuingia majumbani mwa watu zilikuwa kimya. Makelele yalikuja baadaye, yaliletwa na maamuzi, na baadhi ya walioyafanya maamuzi hayo tunawajua kwa majina.

Tuwapite haraka mababu. ENIAC, ile iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000, uzito wa tani kama 30, na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Bila mapangaboi makubwa ya kuisukumia hewa ingejichoma yenyewe. Lakini mashine za namna hiyo hazikulala na mtu. Zilikaa kwenye kumbi zao, na aliyezihudumia alirudi nyumbani jioni. Hata hapa kwetu ndivyo ilivyokuwa: kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kumbukeni huo mwaka, maana una mchango wake kwenye habari hii. Kipindi ambacho wenzetu ng'ambo walikuwa na kompyuta za kimya majumbani, sisi hatukuwa na kompyuta. Tulipokuja kuzipata, miaka ya 1990, zilikuwa tayari zina feni.

Kompyuta za kimya ni zipi hizo? Ya kwanza kuitaja ni Apple II ya mwaka 1977. Steve Jobs wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22, amepitia kwenye mafunzo ya Zen, na alikuwa na msimamo mmoja mkali: ndani ya kompyuta yangu hakuna feni. Aliona feni inamvuruga mtu akili. Tatizo ni kwamba vigeuza umeme vya zama zile vilifanya kazi yake kizembe, umeme uliozidi viliutupa tu kama joto. Jobs akamleta Rod Holt, Mmarx mvuta sigara kutoka Atari, naye akamtengenezea kigeuza umeme cha aina nyingine, kinachokata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa njia hiyo kiasi kidogo tu ndicho kinachopotea kuwa joto. Miaka mingi baadaye Jobs alijisifu kwamba dunia nzima iliiba wazo hilo kwao. Hapo aliongeza chumvi, maana teknolojia hiyo ilikuwepo kabla yao. Lakini ukweli unabaki kwamba kwa Apple II, kimya ndicho kilichokuwa sharti na uhandisi ukafuata. Sikumbuki mara nyingi kwenye historia ya kompyuta ambapo mambo yamekwenda kwa mpangilio huo.

Wengine nao walikuwa kimya bila kuhitaji falsafa. Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982, zilikuwa kibodi nene tu zinazochomekwa kwenye televisheni. Chipu zake zilikula umeme kidogo, joto lilijitokea lenyewe.

Sasa sikilizeni kilichotokea Apple ilipotaka kurudia ushindi. Mwaka 1980 walitoa Apple III, kompyuta ya maofisini. Hakuna feni, na safari hii hakuna hata matundu ya hewa! Joto lilitakiwa litoke kupitia kitako cha alumini. Halikutoka. Mashine ilipopata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, chipu zikaanza kunyanyuka kutoka kwenye vikalio vyake, na kompyuta ikawa inaandika upuuzi kwenye skrini. Ushauri uliotolewa kwa wateja ni wa kuchekesha mpaka leo: inyanyue inchi chache juu ya meza, halafu iachie idondoke, chipu zitarudi mahali pake. Mashine ya maelfu ya dola inatibiwa kwa kudondoshwa, kama redio ya babu inavyopigwa kofi! Zile 14,000 za mwanzo Apple ilizibadilisha bure, jina likawa limeshaharibika, na mwaka 1984 Apple III ikafutwa.

Ungedhani somo limeeleweka. Mwaka huohuo wa 1984 Jobs akatoa Macintosh, nayo bila feni. Watu wakaibatiza jina la kibaniko cha mkate, maana ukiweka mkono juu yake unaisikia inavyochemka. Kampuni nyingine, Kensington, ikajipatia soko zuri la kuuza vifeni vya kupachika nje. Hebu fikirini: mtu ananunua kimya kwa bei ya juu, halafu analipa tena ili akiondoe, kwa sababu anaogopa mashine yake itakufa. Jobs aliondoka Apple mwaka 1985. Mwaka 1987 ikatoka Macintosh SE, yenye feni ndani, na matoleo yake ya mwanzo yalilalamikiwa kwa kelele.

Mimi nadhani Jobs alikuwa sahihi kuhusu tatizo na akakosea kuhusu tiba. Kukataa feni bila kupunguza joto ni sawa na kukataa homa kwa kuvunja kipimajoto. Lakini walau aliuliza swali. Upande wa pili hakuna aliyeuliza.

Upande wa pili ni IBM. Tarehe 12 Agosti 1981 walitoa kompyuta yao binafsi, ile ambayo nyingi tulizokuja kuzitumia ni wajukuu wake. Waliotengeneza ile ni watu wa maofisini, na ofisini kuna simu, kuna taipureta, kuna printa zinazogonga kama cherehani. Nani atasikia feni moja? Basi kigeuza umeme chake cha wati 63.5 kikawekewa feni yake, na hakuna aliyeona ni jambo la kujadili. Mwaka 1983 ikafuata XT yenye hadi diski ya megabaiti 10, chuma kizito kinachozunguka mara 3,600 kwa dakika. Sauti ya pili ikaingia ndani ya kasha. Kisha makampuni yakaanza kuinakili IBM kila kona ya dunia, na kila nakala ikanakili na feni yake. Hivyo ndivyo kifaa cha ofisi kilivyoingia chumbani na tabia za ofisini.

Hata hivyo feni moja ya kigeuza umeme inavumilika. Balaa hasa lilianzia kwenye prosesa. (Mafundi wetu huliita kasha zima "sipiyu", kwa hiyo nisisitize: nasema ile chipu yenyewe, si boksi.) Prosesa ya IBM ya 1981 haikuhitaji chochote juu yake, ilikaa wazi kama kigae. Zilipofika 486 za kasi, mwaka 1992, zikaanza kuvishwa kipande cha alumini chenye mapezi ya kutolea joto. Mwaka 1993 ikaja Pentium, transista milioni 3.1, ikinywa umeme wa volti 5 na kutoa joto la wati kama 16. Wati 16 zinaonekana kidogo, lakini ziweke kwenye kitu chenye ukubwa wa kucha uone. Juu ya mapezi ikawekwa feni ndogo, na kifeni kidogo ili kisukume hewa ya maana lazima kikimbie sana. Ndiyo ile sauti ya mbu.

Hapa kuna hesabu moja inayofaa kuijua kwa sababu inaeleza karibu kila kilichofuata. Joto la chipu linapanda sambamba na kasi yake, lakini linapanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 20, kasi ikibaki ileile, joto linashuka kwa asilimia 36. Mwaka 1974 (naam, mwaka uleule wa marufuku yetu) Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba ukizidi kuzipunguza transista ukubwa, na volti ukaipunguza kwa uwiano huohuo, utaongeza kasi bila joto kuzidi kwa kila milimita ya mraba. Kwa miaka 30 hivi viwanda viliishi kwa kanuni hiyo. Tatizo ni kwamba soko lilikuwa na haraka kuliko kanuni.

Maana kumbukeni kilichokuwa kinauzwa. Miaka ya 1990 mwishoni na 2000 mwanzoni kompyuta iliuzwa kwa namba moja tu, megahezi. Tangazo lolote gazetini, namba kubwa katikati. Kelele haikuwa na namba kwenye boksi. Kiwango cha kimataifa cha kupima kelele za mashine za ofisi, ISO 7779, kilikuwepo tangu 1988, kwa hiyo kipimo hakikukosekana. Ila dukani hakuna aliyekiuliza, na duka lenyewe lina kelele kiasi kwamba huwezi kusikia mashine unayoinunua. Unaisikia usiku wa kwanza, ukiwa umeshalipa.

Novemba 2000 Intel ikatoa Pentium 4, iliyobuniwa mahususi ili namba ya megahezi ipae. Ilianzia gigahezi 1.4 na 1.5, na joto la wati zaidi ya 50. Miezi michache baadaye, Februari 2001, mmoja wa wakuu wa Intel mwenyewe, Pat Gelsinger, alisimama mbele ya wahandisi San Francisco akawaambia kwamba tukiendelea hivi, kufikia 2005 chipu zitakuwa na joto la kinu cha nyuklia kwa eneo, 2010 bomba la roketi, na 2015 uso wa jua. Akaeleweka, lakini kazi ikaendelea. Februari 2004 likatoka toleo la Pentium 4 lililoitwa Prescott, na lile la juu kabisa lilikaribia wati 103, baadaye yakafuata ya 115. Hiyo ni chipu moja, bado kadi ya picha.

Na kadi ya picha nayo! Mwaka 2003 Nvidia ilitoa GeForce FX 5800 Ultra ikiwa na feni ya kelele isiyo na mfano. Watu wakaipa jina la kile kimashine cha mkononi cha kufyonza vumbi. Ilifika mahali Nvidia wenyewe wakatengeneza video ya kujicheka. Apple nao hawakusalimika. Power Mac G4 ya Agosti 2002 ilivuma mpaka wateja wakaiita handaki la upepo, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kubadilisha feni na kigeuza umeme kwa mteja atakayelipa dola 19.95. Yaani kampuni ya mtu asiyetaka feni, na yeye mwenyewe akiwa amesharudi kuiongoza! Mwaka 2000 alikuwa amejaribu tena ndoto yake ya zamani, Power Mac G4 Cube, mchemraba mzuri usio na feni. Soko likaukataa na Julai 2001 ukasitishwa. Power Mac G5 ya 2003 ilikuja na feni tisa. Tisa! Lakini kulikuwa na akili ndani yake: kasha liligawanywa katika kanda nne, na kila feni ilizunguka polepole kadiri kanda yake ilivyohitaji.

Sasa tuje kwa watu ninaowapenda zaidi kwenye habari hii, yaani wateja waliochoka. Mwaka 2002 huko Vancouver, Kanada, Mike Chin alianzisha Silent PC Review, ambako kompyuta ilipimwa kwanza kwa masikio na mengine baadaye. Watu wa aina yake walikuwa wakifanya mambo ambayo fundi wa Kariakoo angeyaelewa mara moja. Walikata kwa msumeno yale matundu ya nyuma ya kasha, kwa sababu bati lenye vitundu vidogo linafanya hewa ipige mluzi. Walining'iniza hadi diski kwa mpira wa elastiki kama mtoto kwenye mbeleko, ili mtetemo usiingie kwenye bati la kasha, maana kasha likishatetemeka linageuka ngoma. Na walikuwa na ujanja mmoja wa umeme ninaoupenda kwa urahisi wake. Feni ya kompyuta inataka volti 12. Ndani ya kasha kuna waya wa volti 12 na waya wa volti 5. Ukiiunga feni kati ya hizo mbili badala ya kuipeleka kwenye sifuri, inapata tofauti yake, volti 7, na inazunguka taratibu. Hakuna kifaa cha kununua.

Kwa nini kupunguza kasi kidogo tu kunasaidia sana? Kwa sababu feni haina haki sawa kwa hewa na kelele. Ukiipunguza kasi hadi nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka desibeli kama 15. Na desibeli si kilo za sukari. Kila 10 zikishuka, sikio linahisi sauti imepungua karibu nusu. Kwa hiyo umetoa nusu ya hewa, umebakiwa na kama theluthi ya usumbufu. Ndipo watu wakagundua kwamba viwanda vilikuwa vimefanya kinyume: vifeni vidogo vya milimita 80 vikikimbia, badala ya kimoja kikubwa cha milimita 120 kikitembea. Zalman ya Korea ikatajirika kwa kuuza vipoza joto vyenye umbo la ua, na hata ikatoa kasha zima lisilo na feni hata moja, zito kama jeneza na bei yake zaidi ya dola 1,000. Waaustria wakaja na Noctua mwaka 2005, feni zenye rangi ya kahawia na maziwa, mbaya kwa sura lakini tulivu. Intel nayo ikaweka waya wa nne kwenye feni, ili ubao mkuu uweze kuiamuru kasi badala ya kuiacha ikimbie wakati wote.

Upande wa hadi diski kuna kisa cha mahakamani ambacho kingefaa filamu. Kelele ya hadi diski ni mbili. Kuna mvumo wa mzunguko, na kuna ule mkwaruzo wa kichwa kinachokimbia huku na huko, kama panya ndani ya kabati. Mvumo ulitibiwa kwa kuondoa gololi kwenye beringi na kuweka utando wa mafuta. Seagate Barracuda ATA IV ya 2001 ndiyo iliyosifiwa zaidi kwa hilo. Mkwaruzo ulitibiwa kwa kuamuru kichwa kiende kwa ulaini kidogo, na ikawepo swichi ya kiprogramu ambayo mteja angeweza kuichagua mwenyewe, haraka au kimya. Mwaka 2000 kampuni ndogo iitwayo Convolve, pamoja na chuo cha MIT, wakaishtaki Seagate na Compaq wakidai kwamba ujuzi huo wa kusogeza kitu bila kukitikisa ni wao. Kesi ilisota zaidi ya miaka 15. Katika miaka hiyo Seagate ikaiondoa swichi ile kwenye hadi diski zake nyingi za nyumbani. Watu walibaki na panya kabatini kwa sababu ya mawakili.

Na sisi? Sisi tulikuwa tunapokea. Zile Pentium 4 zilipochakaa kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani zikapanda meli, zikashushwa bandarini kama mitumba mingine, zikaingia kwenye intaneti kafe, mashuleni na vyumbani kwetu. Hapa ndipo naona tulionewa, ingawa si kwa makusudi. Mashine ile ilipangwa kwa chumba cha nyuzi 20. Tuseme chipu haitakiwi kuzidi nyuzi 70. Kule ina nafasi ya nyuzi 50 kati yake na hewa inayoipoza. Dar mwezi wa pili, chumba kina nyuzi 33, nafasi iliyobaki ni 37. Ili kutoa joto lilelile feni inabidi isukume hewa zaidi kwa kama asilimia 35, na kwa kanuni ile ya feni hiyo ni nyongeza ya desibeli zaidi ya 6. Hapo bado hujaweka vumbi lililoziba mapezi, chumvi ya bahari, na ile grisi ya juu ya prosesa iliyokauka ikawa chaki. Kompyuta ileile, iliyokuwa inanong'ona Rotterdam, Mwananyamala inanguruma.

Mafundi wetu walijitibia. Unabandua kile kibandiko katikati ya feni, tone moja la mafuta ya cherehani, unarudisha. Unafungua ubavu wa kasha na kuliacha wazi, unaielekezea feni ya mezani. (Hii ya mwisho inapoza kweli, ila umeongeza feni juu ya feni, na mende wamepata makazi.) Nawapa heshima zao, ingawa haikuwa kazi yao kurekebisha kosa lililofanyika California.

Kosa lenyewe lilikiriwa mwaka 2004. Mwezi Mei Intel ikafuta mradi wa prosesa iliyotakiwa kufuata. Oktoba ikatangaza kwamba Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyoahidiwa haitakuja, na mkuu wa kampuni, Craig Barrett, akiwa jukwaani Orlando, akapiga magoti kwa mzaha kuomba radhi. Kanuni ya Dennard ilikuwa imefika mwisho: transista zilikuwa ndogo mno hivi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimetulia, na volti haikushuka tena.

Wokovu ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anafikiria masikio ya mtu. Wahandisi wa Intel wa Haifa, Israeli, walikuwa wamepewa kazi ya laptopu. Laptopu ina betri, na betri haina huruma kwa mtu anayetupa wati ovyo. Chipu yao ya Machi 2003, Pentium M, ilitosheka na wati 24.5 na bado ilifanya kazi ya maana kwa megahezi chache. Familia hiyo ndiyo iliyozaa Core 2 Duo ya Julai 2006, wati 65, yenye nguvu kuliko Prescott lililokuwa linachemka. AMD walikuwa wametangulia kidogo mwaka 2003 kwa Athlon 64, inayopunguza kasi na volti yenyewe isipokuwa na kazi. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa 80 Plus wa kudai vigeuza umeme visivyotupa zaidi ya asilimia 20. Huo nao ulikuwa wa kuokoa umeme, lakini piga hesabu: kompyuta inayotumia wati 200, kigeuza umeme cha asilimia 70 kinatupa wati 86 za joto, cha asilimia 85 kinatupa 35. Wati 50 ambazo hakuna feni inayohitaji kuzifukuza. Kisha hadi diski zisizozunguka zikaanza kushuka bei baada ya 2008, na panya akatoka kabatini.

Kwa hiyo tulipata kimya kwa sababu ya betri na bili ya umeme. Sikio halikuhesabiwa. Nalisema hili bila uchungu, lakini nalisema, kwa sababu leo namba zimeanza kupanda tena. Kadi ya picha ya Nvidia ya mwaka 2022, RTX 4090, imepangiwa wati 450. RTX 5090 ya 2025 imepangiwa 575, zaidi ya Prescott tano ndani ya kasha moja. Hazipigi kelele kama zamani kwa sababu feni zake ni kubwa na husimama kabisa mashine ikiwa imetulia, lakini mpe mtu wa michezo ya video nusu saa, halafu uingie chumbani kwake uone jasho. Wakati huohuo kuna laptopu kama MacBook Air ya Novemba 2020 isiyo na feni kabisa, na haichemki. Jobs hakuiona, alifariki 2011.

Sehemu kubwa ya kazi nzito imeshaondoka vyumbani mwetu, imehamia kwenye maghala ya seva ya makampuni makubwa. Kaunti ya Prince William, jimbo la Virginia, Marekani, ina maghala mengi ya namna hiyo, na juu ya mapaa yake kuna mitambo mikubwa ya kupoza inayozunguka usiku na mchana. Mwaka 2022 wakazi wa mtaa wa Great Oak, ulio jirani na maghala hayo, walianza kulalamika kwamba mvumo unawafuata mpaka kitandani, na kaunti ikalazimika kuipitia upya sheria yake ya kelele.